Bushera Yenye Moshi

Kwenye kilima chetu ukijikwaa, angalia kwanza kama Yosamu Bitwababo yuko karibu. Akikuona, umekwisha. Jumapili utajikuta umo kwenye mahubiri, unajikwaa tena mbele ya watu wote, safari hii ukiwa na Petro juu ya maji.

Ndivyo alivyokuwa katekista wetu. Vilima vingine vina wachungaji waliosoma mpaka wakavaa miwani. Sisi tulikuwa na Yosamu, na tungeambiwa tubadilishane tungekataa, hata wangetuongezea kengele. Kitu kidogo tu, yeye anakitolea neno. Mbuzi wa Yunia aliingiza kichwa kwenye sufuria kikakwama, Jumapili yake tukahubiriwa juu ya tamaa, na Yunia mwenyewe yuko benchi la mbele amejifunika leso usoni. Kiazi kimeotea gizani jikoni, neno. Jembe limelegea mpini, neno. Siku moja alihubiri juu ya kifungo cha shati lake mpaka akina mama wakalia, na kifungo chenyewe hakikuwepo, kilishadondoka.

Kwa hiyo masika ile watu walipoanza kunong'onezana kwamba katekista ameishiwa, lilikuwa jambo zito. Ni kama kuambiwa kisima kimekauka.

Hakuwa ameishiwa. Alikuwa amechoka. Kuna uchovu wa kulima ambao ukilala unakwisha, na kuna ule mwingine ambao unaamka nao, unavaa nao viatu, unakunywa nao uji. Yosamu alikuwa na huo. Mtu akifa, aitwe Yosamu. Ng'ombe hashiki mimba, aitwe Yosamu aombe. Mtu na mkewe wametupiana vijiko, aitwe Yosamu. Na shamba lake lenyewe limesimama wima kama ukuta, kila mvua inateremsha udongo mpaka kwenye mtama wa jirani, na kila kiangazi yeye na mkewe Keziya wanaupandisha tena kwa vikapu. Watoto wao wako mbali, wanapiga simu Krismasi. Goti lake la kulia lilikuwa linalia kama mlango usiopakwa mafuta.

Hapo ndipo pembe ilipolia.

Kwetu pembe ikilia ujue kuna mgonjwa wa kubebwa. Kila nyumba inatoa mwanamume, machela inateremshwa kutoka darini kwa mkuu wake, watu wanapokezana mabega mpaka hospitali ya misheni kule bondeni. Pikipiki wakati wa mvua hazipandi kwetu. Zikijaribu, tunabeba mgonjwa na dereva. Na asiyetokea bila sababu, adhabu yake haina fujo: anapika chungu cha bushera, ile togwa ya mtama, anawaletea wabebaji, wanakunywa, yamekwisha. Lakini mpaka akilete, ni kama mtu aliyeketi nje ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ile mgonjwa alikuwa mkamwana wa Zaribugire, mkuu wa machela. Uchungu umemshika, mtoto kakaa vibaya. Yosamu alikuwa bado kitandani, kunapambazuka, mvua inapiga mabati. Akavuta blanketi juu ya masikio.

"Baba Debora," Keziya akamwambia. "Pembe hiyo."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Goti."

Hakusema uongo, goti liliuma. Ila liliuma vilevile siku zote nyingine alizokwenda. Akalala pale akisikiliza miguu ya wenzake ikipita nyuma ya nyumba, pyata pyata kwenye tope, na sauti ya Zaribugire ikiwatania watu hata katikati ya taabu yake: "Nyie tembeeni kama wanaume, huyo aliye ndani anafanya kazi kuliko nyinyi!" Hakuna aliyebisha hodi. Walidhani katekista ametangulia. Siku zote alikuwa anatangulia.

Mtoto akazaliwa salama, dume, ana kelele kama babu yake. Nyimbo zikaimbwa. Na Yosamu hakuambiwa lolote. Zaribugire, mtu ambaye hanyamazi hata akiwa na kiazi cha moto mdomoni, alikutana naye njiani akasema tu, "Habari za asubuhi, Katekista," akapita. Hilo lilimchoma. Kwetu mtu akiacha kukutania, nenda kajichunguze.

"Nitawapikia chungu chao," akamwambia Keziya.

"Utapika wewe?"

"Utapika wewe, mimi nitabeba."

"Aa, kumbe toba yako ina mkono wangu ndani," Keziya akasema, na wakacheka kidogo. Bado walikuwa na nguvu ya kucheka.

Kabla hajaloweka hata punje, Keziya akajikata. Anaparua tope shambani, jembe likateleza, likamkata juu ya vidole vya mguu wa kushoto. Si kidonda cha kutisha. Wakakiosha kwa maji ya chumvi, wakafunga majani, akarudi shambani kesho yake akichechemea. Halafu mguu ukavimba. Halafu muundi ukaanza kung'aa kama biringanya. Halafu homa.

Sasa mtu mwingine yeyote angepiga pembe. Lakini Yosamu alikaa ukingoni mwa kitanda akapiga hesabu ya mtu wa kilima hiki, na hesabu yenyewe ilikuwa hivi: siwezi kuwaita wanibebee mke wakati mimi sikumbeba wa kwao. Kwanza chungu. Nikishawanywesha, ndipo nina mdomo wa kuomba.

"Nenda kamwombe Yunia apike," Keziya akasema.

Yunia ni mke wa Zaribugire. Ndiye yule wa mbuzi na sufuria.

"Nimwombe mtu anipikie chungu cha kumpatanisha mumewe na mimi? Hapana. Nitapika mwenyewe."

Wewe hujamwona mwanamume akipika bushera. Sisi pia hatukuwa tumemwona. Alifunga mlango wa jiko kama mtu anayeiba. Akaloweka mtama, akachanganya na majivu, akaufunika kwa majani ya mgomba uote, na Keziya anamwelekeza toka kitandani.

"Majivu zaidi. Hutii chumvi kwenye uji wa mtoto!"

"Yanatosha."

"Hayatoshi. Na usiufunuefunue, unaona aibu. Uache ulale."

Mtama ukaota vizuri, vijimizizi vyeupe vimesokotana. Yosamu akavitazama. Zamani angepata mahubiri mawili humo, na la tatu la Pasaka. Sasa aliona mtama tu, akafunika.

Kilichobaki ilikuwa kukausha, na jua likagoma. Kila asubuhi anatoka nje, anatazama mawingu yaliyolala juu ya vilima kama ng'ombe wasiotaka kuinuka, anarudi ndani. "Kesho," anamwambia mkewe. Kesho inafika, mvua. Mwisho akakipandisha kimea kwenye uchanja juu ya moto, kikaukie kwenye moshi. Moshi wenyewe wa kuni mbichi. Akakaa chini yake usiku na mchana akichochea, macho mekundu, akitoka hapo anakwenda kumgeuza Keziya, akitoka hapo anapika viazi ambavyo Keziya hali, akitoka hapo anakamua mbuzi. Kuomba alikuwa anaomba. Lakini sala yake ilikuwa imefika mahali pa neno moja tu, "Bwana," halafu anasinzia kabla hajasema anataka nini.

Siku aliyosaga kimea kwenye jiwe, akakosea. Alikiponda chengachenga, nusu unga nusu kokoto. Akasubiri sauti toka chumbani imwambie, "Hebu rudia, hata kuku hawali hiyo." Haikuja.

"Mama Debora, nimesaga vibaya?"

"Vizuri," Keziya akajibu, macho amefumba.

Ndipo akaogopa. Mwanamke aliyemkosoa tangu siku ya harusi anasema vizuri.

Jumapili hiyo alipanda mbele, akasoma Maandiko, akafunga kitabu, akatutazama. Tukakaa vizuri kusubiri. Akafungua mdomo. Mvua inasikika. Akatazama kifua chake, pale kifungo kilipokuwa kimekosekana, kama vile labda kitamsaidia tena. Akasema, "Tuombe." Ibada ikaisha kabla watoto hawajapata nafasi ya kusinzia.

"Leo hata mbuzi wangu angepata la kusema," Yunia alimwambia mumewe nje. Lakini hakucheka aliposema. "Na Keziya yuko wapi? Ni Jumapili ya pili hii."

Jumatatu asubuhi chungu kilikuwa kimepikwa, kimefunikwa, kimewekwa pembeni ya jiko kichachuke. Kilihitaji siku mbili. Yosamu alikuwa amekaa kando yake kama mtu anayelinda maiti, ndipo Zaribugire akaingia bila hodi.

"Katekista! Nimekuja kuona kama umekufa, nichukue lile koti lako."

"Karibu, Mkuu."

"Mbona jiko lote..." Zaribugire akanusa. Pua yake aliipeleka upande wa chungu, halafu upande wa chumba. Akaiacha hapo. "Yosamu. Nini kinanuka humu?"

Zaribugire akasukuma pazia la chumba. Yosamu alimsikia akisema, polepole, kwa sauti ambayo hatujamsikia nayo tena, "Shemeji. Shemeji Keziya, ni mimi." Halafu akatoka na uso wa mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Kasoro."

"Na pembe yangu imening'inia pale ukutani, haina kazi, kuku wanailalia! Una akili wewe? Kwa nini hukuita?"

"Bushera haijaiva," Yosamu akasema.

"Nini?"

"Sikuja siku ya mkamwana wako. Nilisikia pembe, nikalala. Si goti. Nilichoka tu, nikalala. Nikasema kwanza niwapikie chungu. Kimea hakikukauka, jua hakuna. Kesho kutwa itakuwa tayari. Kesho kutwa ningewaita."

Zaribugire alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyeingia kwenye choo. Alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kupiga kofi, akashindwa hilo pia.

"Wewe ndiye umetuhubiria yule mgonjwa aliyeteremshwa kwa Yesu kwa kutobolewa paa. Kila mwaka. Sisi wabebaji unatuvimbisha vichwa, ati ni kama wale wanaume wanne, imani yao, mabega yao. Sasa niambie. Yule aliyelala kwenye godoro, alipika bushera kwanza?"

Yosamu akafungua mdomo.

"Nakuuliza! Alipika? Aliwaambia wale wanne, jamani ngojeni kwanza, kimea bado kibichi?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu hakupika! Toka hapa. Kusanya nguo za mkeo."

Pembe ikalia. Sisi huku tukiitwa hatuchelewi, na mvua hatuijui. Machela ikafika kabla Yosamu hajapata kanga ya pili. Keziya akalazwa ndani, akafunikwa nailoni, na wanne wa kwanza wakainama. Yosamu akaenda moja kwa moja kwenye mti wa mbele, mkono wa kulia, mahali pake pa siku zote.

"Toka," Zaribugire akamwambia.

"Ni mke wangu."

"Ndiyo maana. Umeona unavyosimama? Ukianguka tutabeba wawili, na wewe una mifupa mizito, mahubiri yote yamejaa humo. Beba mkeka, Katekista. Mkeka na sufuria. Hiyo ndiyo kazi yako leo."

Basi akabeba mkeka. Mwanamume aliyetangulia kila machela tangu ana ndevu nyeusi, leo yuko nyuma kabisa pamoja na wanawake, mkeka begani, sufuria mkononi, anateleza. Mbele anaona migongo ya watu imelowa, wanapokezana bila kuambiana, mmoja akichoka mwingine ameshaingia chini ya mti. Anamsikia Zaribugire akiongea na Keziya njia nzima ili asilale: "Shemeji, usifumbe macho, huku ndiko mumeo alikoanguka mwaka ule akasema amepiga magoti kuomba." Na mara moja, sauti ndogo ndani ya machela: "Aliniambia mimi hivyohivyo."

Wakafika kwenye chemchemi, pale njia inapokunja. Wakatua kupumzisha mabega. Yosamu akakaa juu ya jiwe, na jiwe lenyewe likamkumbusha.

Mama yake ndiye aliyekuwa akimwonyesha jiwe hilo, kila walipopita kwenda sokoni. Hapa ndipo walipokutua, alikuwa akisema. Ulikuwa mchanga, degedege limekugeuza macho, mimi nimekukumbatia ndani ya machela. Na baba yako ndiyo kwanza amehamia kilima hiki, hajui hata majina ya watu. Hajawahi kumbeba mtu yeyote. Tulikuwa tumekaa ndani tunalia kimyakimya kwa sababu hatukuwa na haki ya kuita. Wakasikia tu mtoto analia, wakaja. Baba yako aliingia kwenye chama cha machela baada ya hapo. Baada.

Alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka ikamchosha, na katika miaka yote ya kuhubiri mbuzi na vifungo hakuwahi kuihubiri hata siku moja. Ndani ya hadithi hiyo hapakuwa na mahali pa bega lake. Yeye alikuwa kile kitu kinacholia ndani ya kanga.

Akakaa pale akakitazama kichwa cha Keziya kinavyotikisika kwa homa. Hakushangilia. Aliyechoka hivyo hashangilii. Alilia kidogo, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, tukamwacha aamini hatujaona.

"Twende," Zaribugire akasema. "Katekista, mkeka."

Saa saba mchana tukafika. Daktari, kijana wa kutoka nchi tambarare, alifungua yale majani akavuta pumzi kwa meno. Akamwambia Yosamu, "Mzee, vidole viwili hivi siwezi kuviokoa. Mguu nitajaribu. Ungekuja kesho kutwa, nisingejaribu chochote."

Kesho kutwa. Yosamu akarudia neno hilo bila sauti.

Wakamwingiza Keziya chumba cha kukatia. Tukakaa barazani, tumelowa, tunanuka kondoo. Wakati wauguzi wanabadilishana zamu, daktari akatoka, akasema vidole vimetoka, mguu uko, homa itashuka kwa dawa. Amelala. Yunia akasema atabaki naye, na akamtazama Yosamu akaongeza, "Wewe rudi na hawa. Mbuzi hawajakamuliwa, na unaonekana vibaya kuliko mgonjwa. Nitamwangalia mwenzangu. Kesho uje na uji."

Kupanda kulikuwa kubaya kuliko kushuka. Jua lilikuwa linazama, na ndiyo, safari hii lilitoka, likatuangazia kwa dakika chache kama mgeni anayechungulia mlangoni baada ya kazi zote kuisha. Yosamu akalitazama tu.

Walipofika kwake, alidhani watapitiliza. Zaribugire akakunja kona, akaingia jikoni, wote nyuma yake, machela tupu ikaegeshwa ukutani.

"Kiko wapi?"

"Mkuu, bado. Siku mbili haijafikisha hata moja. Na imeshika moshi. Na nilisaga vibaya."

"Nimeuliza kiko wapi, sijauliza historia yake."

Wakakifunua. Zaribugire akachota kwa kata, akanywa. Akatafuna. Bushera haitafunwi.

"Jamani," akasema, "nimewahi kunywa maji ya mto yaliyopita ng'ombe. Nimewahi kunywa dawa ya minyoo. Yosamu, hii umeipika au umeizima?"

Kicheko kikapasuka jiko zima, na kata ikapita. Kila anayekunywa anatoa uso wa namna yake. Mmoja akasema ina kokoto za kutosha kujenga. Mwingine akasema kama moshi ndiyo dhambi, yeye sasa amebatizwa humo upya. Lakini kata ilikuwa inarudi kwenye chungu, na inatoka imejaa. Hakuna aliyeimwaga. Wakakiinamisha chungu mwishoni, Zaribugire akakwangua masalia kwa kidole, akayala, akipepesa macho.

"Yamekwisha," akasema.

Yosamu alikuwa amesimama kando ya mlango, anangoja aambiwe ahubiri. Tulimwona anatafuta.

"Usituambie kitu," Zaribugire akamwambia. "Lala."

Asubuhi akashuka na uji. Keziya alikuwa macho, uso umepungua, mguu umefungwa vitambaa vyeupe kama mtoto mchanga. Yosamu akakaa ukingoni mwa kitanda, na kabla hajatoa hata pole, Keziya akauliza, "Walikunywa?"

"Walikunywa."

"Ilikuwaje?"

"Mbaya. Mbaya sana, Mama Debora. Ilikuwa bado, ina moshi, ina mawe."

"Wakaiacha?"

"Hawakuacha hata tone."

Keziya akatazama dari muda. "Basi Jumapili uwaambie hivyohivyo," akasema. "Usiongeze kitu."

Akataka kumjibu, kwa sababu kuna mambo mengi ya kuongeza hapo, liko jiwe la chemchemi, wako wanaume wanne, yuko yule aliyelala kwenye godoro. Lakini kichwa kilikuwa kimeshamwangukia kwenye shuka, kando ya mguu wenye vitambaa, na uji unapoa mkononi. Muuguzi akaja kumwinua, ati wageni hawalali vitandani.

"Mwache huyo," Keziya akamwambia. "Jana alibeba mkeka toka juu kule."